Barua ya wazi kwa wasimamizi wa hospitali za Mkoa wa Tanga: wanaouguza nao waelezwe

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Waganga Wafawidhi na Wauguzi Wafawidhi wa hospitali za mkoa huu, za serikali, za mashirika ya dini na za binafsi,
Wajumbe wa bodi za ushauri za hospitali hizo.

YAH: MAELEZO KWA FAMILIA ZA WAGONJWA WALIOLAZWA ICU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa mwalimu mstaafu wa Bayolojia na mkazi wa Makorora, jijini Tanga. Sina taaluma ya udaktari wala ya uuguzi, lakini kwa kuwa nilifundisha mfumo wa upumuaji na mzunguko wa damu kwa miaka mingi, majirani, jamaa na wanafunzi wangu wa zamani wanapouguliwa na mtu wao akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) huniita nikakae nao nje ya mlango, niwafafanulie alichosema daktari au, mara nyingi zaidi, niwaeleze ambacho hakuna aliyewaambia. Kazi hiyo si yangu. Ni yenu, na ombi langu lote katika barua hii ni kwamba muipangie mtu, muipangie saa, na muihesabu kuwa sehemu ya matibabu kama mnavyohesabu dripu na oksijeni.

Mifano nitakayoitaja nimeikusanya katika hospitali mbalimbali, za ndani na za nje ya mkoa, na sitaitaja hata moja kwa jina, kwa sababu kasoro hii nimeikuta karibu kila mahali na kuitwisha hospitali moja kungekuwa uonevu. Wala siwalaumu wauguzi. Muuguzi mwenye wagonjwa kadhaa wasiojiweza, kila mmoja akihitaji kugeuzwa, kunyonywa makohozi, kupimwa presha na kuandikiwa vipimo vyake kwenye chati, hawezi kutoka nje kila anapobisha hodi shemeji mwingine. Hata hivyo muuguzi huyo huyo huulizwa swali lile lile na ndugu tisa kwa siku, huwajibu wote nusunusu huku akirudi ndani, na jioni ikifika ndugu hao tisa wana majibu tisa yasiyolingana. Saa moja iliyopangwa, ambayo kila mtu anajua kuwa ndiyo saa ya kuelezwa, ingemwondolea sehemu kubwa ya mzigo huo.

Haja ya jambo hili imekua kwa sababu huduma yenyewe imekua. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao nchi yetu iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, ulitumika pamoja na mambo mengine kujenga vyumba vya wagonjwa mahututi na vya dharura na kununua vifaa vyake katika hospitali nyingi. Zamani familia ya Maramba au ya Mlalo haikuwa na nafasi ya kuiona mashine ya kupumulia mpaka mgonjwa wao afikishwe Muhimbili au hospitali ya KCMC kule Moshi. Leo yaweza kuikutia karibu zaidi na nyumbani. Mashine zililetwa na mafundi waliowafundisha watumishi kuziendesha. Sijasikia mahali ambapo mtu alifundishwa kumweleza mama mzazi kwa nini mwanawe amewekewa mpira kooni.

Waheshimiwa, mnafahamu kuwa huku mitaani imeenea imani kwamba oksijeni inaua. Nimeisikia Ngamiani, nimeisikia Muheza, nimeisikia kwa watu waliosoma na wasiosoma. Kuipuuza hakusaidii, kwa kuwa imejengwa juu ya jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao: wengi waliowekewa oksijeni walifariki. Wasichoambiwa ni kwamba waliwekewa kwa sababu walikuwa wamezidiwa, na kwamba wengi wao walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa kwa siku kadhaa. Ndugu mwenye imani hiyo hukataa mgonjwa wake asiwekewe, au husubiri muuguzi ageuke ili amvue barakoa ya oksijeni, akidhani anamwokoa. Dakika kumi za maelezo tulivu, kabla barakoa haijawekwa, zingezuia hatari hiyo kuliko kibandiko chochote cha ukutani.

Kuhusu mashine ya kupumulia, mimi huwasimulia watu habari za Copenhagen. Mwaka 1952 mji huo wa Denmark ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio, na wagonjwa wengi, baadhi yao watoto, walipooza misuli ya kupumulia. Daktari wa nusu kaputi aitwaye Bjørn Ibsen alishauri watobolewe kooni, waingizwe mpira, na hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko unaobonyezwa kwa mkono. Kwa kuwa hapakuwa na mashine za kutosha, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, kila mmoja akikaa kando ya kitanda akibonyeza mfuko, kwa wiki nyingi, mpaka wale ambao misuli yao ilirudi wakaweza kupumua wenyewe. Vifo vilipungua sana, na mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha katika mji huo chumba ambacho wengi wanakihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani. Nikishamaliza habari hiyo huwaambia kwamba mashine iliyo ndani inafanya kazi ya mikono ya wale wanafunzi: haiponyi nimonia, haiondoi damu iliyovilia kichwani, ila inampumulia mtu wakati dawa na mwili wake vinapambana na ugonjwa. Nimeona akina mama waliokaa mkekani wakiipokea habari hiyo kwa utulivu, na swali linalofuata huwa la maana zaidi kuliko lililotangulia. Huacha kuuliza kama mashine itamuua mgonjwa, wakauliza ugonjwa wenyewe unakwendaje.

Baada ya hapo yapo mambo ambayo jicho la ndugu hukutana nayo mara tu pazia linapofunguliwa, na ambayo yakikosa maelezo hugeuka shutuma. Mgonjwa hasemi, kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti; si kwamba amekuwa bubu. Hafumbui macho, mara nyingi kwa sababu amepewa dawa za usingizi ili avumilie mpira huo, na dawa hizo zinaweza kukawia kumtoka mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, hata baada ya kusimamishwa. Mikono imefungwa kwa bandeji kwenye kingo za kitanda, jambo ambalo limewaliza watu wazima mbele yangu, ilhali limefanywa ili asiung'oe mpira akiwa usingizini. Uso na mikono vimevimba, kwa sababu ya maji mengi aliyoongezewa wakati presha iliposhuka na kwa sababu ugonjwa mkali huifanya mishipa midogo ivujishe maji. Nimewahi kumsikia kijana akiapa kwamba kaka yake amepigwa. Kengele inalia, na kila inapolia watu wa nje husimama, kumbe mgonjwa amekohoa tu au kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni kimechomoka. Hata piko ina sehemu yake hapa: kidole kilichopakwa piko nzito, kama ilivyo kawaida ya wanawake wetu baada ya harusi, kinaweza kuifanya mashine ishindwe kusoma vizuri kiwango cha oksijeni, na ni vyema familia ielezwe kwa nini kibanio kimehamishiwa sikioni au kwa nini muuguzi anasugua kucha.

Kuna jambo moja la pwani yetu ambalo naomba mliwekee maelekezo maalumu. Mtu wa hapa akizidiwa, wake zake, dada zake na mama yake huona ni deni kumtilia maji kinywani, na wengi watakuja na maji ya zamzam au na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa na sheikh wao. Wakristo nao huja na maji yao ya baraka. Kwa mgonjwa aliyelewa dawa za usingizi, au ambaye koo lake halimezi, kijiko kimoja cha maji kinaweza kuingia mapafuni, na ndugu akawa amemdhuru mpendwa wake kwa kumfanyia hisani. Nimeshuhudia katazo likitolewa kwa ukali, mbele ya watu, kana kwamba aliyeleta kombe ni mshirikina aliyekamatwa. Yule mama aliondoka, akarudi saa za usiku na chupa ndani ya khanga. Kumbe lipo jibu ambalo muuguzi mwingine, katika hospitali nyingine, alilitoa kwa sauti ya chini: alichukua pamba, akamwelekeza mama aichovye na kuikamua, akamruhusu kumlowanisha mgonjwa midomo na kumpangusa paji la uso. Mama hakuomba zaidi ya hapo. Ninaomba jibu la muuguzi huyo liwe utaratibu ulioandikwa, na pamoja nalo maelezo kwamba kisomo kinaruhusiwa kwa sauti ndogo, kwamba sheikh au padri anaweza kuingia kwa muda uliopangwa, na kwamba dawa ya kienyeji isipitishwe kamwe katika mpira wa kulishia bila daktari kujua, kwa sababu hatujui itagombana vipi na dawa zilizomo.

Hali kadhalika chakula. Familia huleta supu na uji wa kutosha wodi nzima, kisha huambiwa na mlinzi wa getini kwamba mgonjwa hali chakula. Mlinzi hakukosea, ila hakuwaambia kwamba analishwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni, na wao hurudi nyumbani wakisema mtu wao anashindishwa njaa.

Nimemtaja mlinzi, na niseme wazi kwamba si haki yeye kuwa ndiye msemaji wa hospitali. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, kwa Waislamu ni katika haki za Mwislamu kwa mwenzake, na mtu asiyefika husemwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtaa mzima utafika, na mlinzi atawarudisha kwa neno moja. Laiti muuguzi angetoka siku ya kwanza akawaambia wazee wa familia kwamba vijidudu vinavyobebwa mikononi na nguoni vinaweza kumuua mtu ambaye kinga yake imeanguka, kwamba ndiyo maana wanaingia mmoja au wawili na wote wananawa, wazee hao wangeusimamia utaratibu huo wenyewe. Mara ngapi tumeona katika misiba yetu wazee wakiupanga umati bila mlinzi hata mmoja?

Jambo gumu zaidi, na ambalo hospitali nyingi hulikwepa, ni la nani anaambiwa. Katika familia zetu mgonjwa si wa mtu mmoja. Yupo kaka mkubwa anayetoa pesa, yupo mjomba anayeheshimika, yupo mtoto wa Dar es Salaam anayeamuru kwa simu, na yupo mke, ambaye ndiye aliyelala na mgonjwa usiku wa homa na anayejua alianza lini kukohoa, lakini ambaye mara nyingi huachwa akikaa pembeni huku shemeji zake wakiingia kuzungumza na daktari. Nimekutana na mwanamke aliyejua kwamba mumewe amepooza upande mmoja baada ya watu wa msikitini kujua. Napendekeza kwamba mgonjwa ambaye bado ana fahamu aulizwe, kabla hajapewa dawa za usingizi, angependa nani aelezwe habari zake na nani asielezwe. Na kama hana fahamu, faili liandikwe majina mawili, la msemaji aliyechaguliwa na familia na la mtu wa karibu kabisa, yaani mke, mume, mzazi au mtoto mkubwa, na hao wawili waitwe pamoja kila mara. Wengine watapata habari kwao. Utaratibu huo utalinda pia siri ya mgonjwa, maana yapo maradhi ambayo hayafai kutajwa koridoni mbele ya majirani, na nimeyasikia yakitajwa.

Kuhusu mazungumzo yenyewe, wala hatuhitaji kubuni. Wafaransa walilichunguza suala hili kwa majaribio. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha ICU 34, familia zilizopewa kijikaratasi cha maelezo zilionekana na watafiti kuwa zimeelewa vizuri zaidi: kundi la wasioelewa lilishuka kutoka takriban asilimia 41 hadi chini ya asilimia 12. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2007, wa ICU 22, familia za wagonjwa waliokuwa wakielekea kufariki ziliitwa kwenye kikao kilichoandaliwa, zikasikilizwa na kupewa kijitabu. Vikao hivyo vilichukua kama dakika 30 badala ya 20, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba ndugu walizungumza kwa dakika 14 badala ya 5. Miezi mitatu baadaye ndugu hao walikuwa na dalili chache za msongo, hofu na sonona kuliko wale walioongeleshwa kwa utaratibu wa kawaida. Angalieni hesabu hiyo, waheshimiwa: gharama yake ilikuwa dakika kumi na karatasi. Nafahamu kwamba Ufaransa ina madaktari wengi kuliko sisi, lakini hakuna mashine yoyote iliyotumika katika matokeo hayo, na sehemu iliyoleta faida ilikuwa daktari kunyamaza ili wengine waseme.

Napendekeza basi kikao cha kwanza kifanyike kabla ya saa 24 kupita tangu mgonjwa aingie, hata kama daktari bado hana jibu. Akisema, "Mpaka sasa hatujui, tutajua zaidi kesho kutwa tukipata majibu ya damu na tukiona mapafu yanavyoitika," familia itamwelewa kuliko anavyodhani. Tusichokielewa ni daktari anayesema, "Tumwachie Mungu," akaondoka. Kumwachia Mungu sote tunajua na tumekwisha kumwachia kabla ya kufika hospitali. Kwa daktari tunategemea atuambie anachokiona yeye. Baada ya kikao hicho pawe na saa maalumu ya kila siku, kwa mfano saa kumi na nusu, watu wakishaswali Alasiri na kabla wale wa mbali hawajaikimbilia gari ya mwisho ya Pangani au Mkinga. Anayetoka aeleze jana ilikuwaje, leo ikoje, na nini kinasubiriwa kesho, na asiogope kusema kuwa hali iliyobaki vile vile tangu jana bado ni hali ya hatari. Lugha iwe Kiswahili cha kawaida. Pale ambapo bibi wa Kidigo au mzee wa Kisambaa hakifuati vizuri, hospitali zetu hazikosi mtumishi wa kabila hilo. Aitwe yeye, badala ya kumtumia mjukuu wa miaka kumi na miwili kumtafsiria bibi yake habari za kifo.

Pesa nayo isemwe. Familia nyingi hushuku kwamba mgonjwa ameachwa kwenye mashine ili bili iongezeke, na shaka hiyo hulelewa na ukimya kuhusu gharama. Siku ya kwanza waambiwe makadirio ya kila siku, kipi kinalipwa na bima na kipi hakilipwi, na kwamba yupo afisa ustawi wa jamii anayeweza kupokea maombi ya msamaha kwa wasio na uwezo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini mtu anayeuza shamba la minazi usiku wa leo hafaidiki na sheria ambayo hakuna aliyemweleza inamhusu vipi.

Vivyo hivyo rufaa. Ndugu wenye hofu hudai mgonjwa apelekwe Muhimbili hata kama hali yake haimruhusu kusafirishwa, na wengine hudai arudishwe nyumbani akasomewe. Mara chache nimesikia ikielezwa kwamba kumsafirisha mtu aliye kwenye mashine kupitia Segera na Chalinze, zaidi ya kilomita 300, ni hatari inayojitegemea, kwamba panahitajika oksijeni ya kutosha njia nzima na mtumishi anayejua kuisimamia mashine, na kwamba wakati mwingine chumba cha huko kimejaa. Ambapo rufaa ina faida, mfano mgonjwa anahitaji upasuaji wa ubongo au wa moyo, faida hiyo itajwe. Ambapo haina, isemwe kwamba haina, na sababu itolewe.

Wengi wa wagonjwa mahututi, hata hivyo, hawafiki ICU kabisa. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2025, ulikuta kwamba mtu mzima mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya hao walikuwa katika wodi za kawaida. Kwa hiyo haya ninayoyaomba yasiishie kwenye mlango wenye kibao cha ICU. Mama aliyekaa chini ya kitanda katika wodi ya wanawake, akimpepea binti yake anayehema kwa shida, anahitaji maelezo yale yale, na pengine kuliko wengine, kwa kuwa hajaambiwa hata kwamba mgonjwa wake ni mahututi.

Nije kwa wanaopona, kwani wapo, na wao pia hutoka bila maelezo. Mtu aliyelala wiki mbili kwenye mashine hupoteza misuli kiasi cha kushindwa kushika kikombe, na familia hudhani amepata ugonjwa mpya. Wengine husahau mambo, hushtuka usiku, au huwa wakali. Tangu mwaka 2012 wataalamu wameyaandika matatizo haya kwa pamoja kuwa ni athari za baada ya ICU, na wamesema kwamba ndugu waliouguza nao hupatwa na sehemu yake. Zaidi ya hayo, wakiwa bado wodini, wengi huchanganyikiwa, hali ambayo madaktari huiita deliriamu: huona watu waliosimama ukutani, huongea na marehemu, huamini kwamba wauguzi wanataka kuwaua. Hapa kwetu Tanga sina haja ya kuwaeleza hali hiyo hutafsiriwa vipi. Familia hukaa kikao usiku huo huo, fundi wa majini hutafutwa, na kesho yake hospitali huombwa imtoe mgonjwa. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nataka tu daktari awe ametangulia kusema, kabla hayajatokea, kwamba jambo hili linawapata wagonjwa wengi wa ICU, kwamba mara nyingi hupungua kadiri ugonjwa unavyopungua, na kwamba ndugu wanaweza kusaidia kwa kumletea miwani yake, kumwambia leo ni siku gani na yuko wapi, na kwa kukaa naye wale ambao sauti zao amezizoea. Katika nchi za Skandinavia, tangu miaka ya 1980 na 1990, wauguzi na ndugu huandika daftari la mgonjwa asiye na fahamu: leo ulipata homa, leo mwanao alikuja akakusomea, leo ulifumbua macho. Akipona husoma na kuzijaza siku asizozikumbuka, na zile ndoto mbaya hupata maelezo. Kauntabuku moja kwa kila kitanda si gharama ya kuombea bajeti.

Na wanaofariki. Familia moja niliyokuwa nayo ilijua kwamba mzee wao amefariki kwa mhasibu, aliyewaambia walipie faili lifungwe. Nyingine iliambiwa, "Hali imebadilika," ikashukuru na kuendelea kusubiri. Naomba habari hiyo itolewe na daktari pamoja na muuguzi, wakiwa wamekaa, ndani ya chumba chenye mlango, na neno lenyewe, amefariki, litamkwe. Kabla ya hapo, inapoonekana kwamba mashine na dawa haziongezi tena uhai bali zinarefusha kufa, familia iitwe mapema, ielezwe hivyo bila kuzungushwa, na ipewe nafasi ya kumtamkisha mtu wao shahada au kumwitia padri. Waelezwe pia, bila kusubiri waulize, jinsi ya kupata kibali cha mazishi, kwa kuwa walio wengi hapa watataka kuzika siku hiyo hiyo.

Kwa upande wetu tuko tayari kusaidia. Rasimu ya kijikaratasi cha kurasa mbili, kwa Kiswahili chepesi, nimekwisha kuiandika, na nitaiwasilisha masjala ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa pamoja na nakala ya barua hii. Madaktari waipitie, wakate kilicho na makosa na waongeze nilichokosa kukijua. Wako walimu wenzangu wastaafu watakaoiweka katika Kidigo, Kisambaa, Kizigua na Kibondei bila malipo, na wako maimamu na wachungaji ambao wamekubali kuisoma kwa waumini wao ikishapata idhini yenu. Saa ya kila siku na mtu wa kuisimamia, hayo hatuwezi kuyapanga sisi. Tunaomba jibu lenu kwa maandishi, mkitaja ni hospitali ipi itaanza na nani atakayewajibika, nalo libandikwe kwenye mbao za matangazo za hospitali ili wanaouguza walisome.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Bayolojia,
Makorora, Tanga.

Nakala: Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, Katibu Mkuu, Wizara ya Afya, Dodoma, maafisa ustawi wa jamii wa hospitali zote za mkoa.